Meli ya Kweli, Watu wa Bandia

"Picha za siku hizi hazina kitu." Kauli hiyo husikika Mohoro kwenye baraza la kahawa, husikika stendi ya Kibiti abiria wakisubiri gari lijae, na husikika Dar es Salaam vinywani mwa wasomi. Anayeitoa huwa na umri wa kukumbuka foleni za Empire, Avalon na Empress, au magari yaliyojipanga mbele ya skrini ya Drive-In, pale ambapo leo umesimama ubalozi wa Marekani. Kinachofuata msikilizaji anakijua kwa moyo: zamani kulikuwa na filamu za vita, sasa kuna kompyuta.

Ni haki hoja yao ielezwe kama wao wenyewe wangeieleza. Wanasema filamu za zamani zilitengenezwa kwa jasho: meli ilikuwa meli, moto ulikuwa moto, na umati wa watu elfu ulikuwa watu elfu waliolishwa mchana. Waigizaji walijua kazi. Humphrey Bogart au Lee Marvin aliweza kunyamaza nusu dakika na mtazamaji asipepese jicho. Zilifundisha historia kwa watu wasio na muda wa vitabu. Na anayelalamika kwamba Mwafrika ndani yake ni mtumishi tu hujibiwa kuwa hizo zilikuwa zama zake, mtu wa leo asimhukumu wa jana.

Rufiji wana nyongeza. Wanayo filamu wanayoihesabu kuwa yao: Shout at the Devil ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Peter Hunt kutokana na riwaya ya Wilbur Smith, Lee Marvin na Roger Moore wakiwa masteringi. Kisa chake kimechotwa kwenye manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyojificha kwenye delta ya Rufiji na kufia humo Julai 1915. Kwa mtu wa Salale au Nyamisati, kumwona Roger Moore, James Bond mzima, akihangaika kwenye mikoko ni fahari. Nani alitujua kabla ya hapo?

Maneno haya hunoga mtu akiwa ameketi na kikombe mkononi. Akinyanyuka na kuuliza, akiwa papo hapo Mohoro, hoja moja moja inamhusu nani, yanaanza kuyumba.

Kwanza: eti meli ilikuwa meli

Rufiji ya Shout at the Devil si Rufiji. Filamu ilipigwa Malta na Afrika Kusini, kwenye pwani ya Transkei. Mwaka huohuo wa 1976 serikali ya makaburu iliitangaza Transkei kuwa "nchi huru", uhuru ambao hakuna dola nyingine duniani iliyoutambua. Hivyo filamu inayosifiwa kwa ukweli wake ilikwenda kutafuta mto wake kwenye nchi ya uongo.

Tuje kwenye meli yenyewe. Königsberg iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikakimbilia Rufiji mitambo ikiwa mibovu na makaa yakiwa machache. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Novemba wakazamisha meli ya mizigo, Newbridge, ili kuziba mlango mmoja wa mto. Januari 1915 wakaikalia Mafia. Kisha wakaleta vyombo viwili vyenye kina kifupi, Severn na Mersey, vilivyokuwa vimeundwa kwa ajili ya Brazil, vikakokotwa kutoka Malta hadi huku. Tarehe 6 Julai vilifyatua makombora zaidi ya 600 na meli ikabaki inaelea. Tarehe 11 vikarudi, ndege iliyoruka kutoka Mafia ikiwaelekeza wapigaji pa kulenga, na safari hii Kapteni Max Looff aliamuru watu wake wailipue meli yao kwa mikono yao.

Miezi minane ya kusubiri, homa, maji kujaa na kupwa, hesabu na ndege za turubai. Mtengeneza filamu aliyepewa zawadi ya namna hii aliifanyia nini? Aliibadilisha meli jina, akaiita Blücher, kisha akaiua kwa bomu lililoingizwa ndani na Mwingereza mmoja.

Na aliingiaje? Hapo ndipo uhalisia unaosifiwa unapoonyesha rangi zake, kwa maana halisi ya neno. Roger Moore alipakwa weusi mwilini ili aonekane kibarua mwenyeji miongoni mwa vibarua. Anayeikodolea macho sura ile ataona rangi ilivyokaa usoni kama masizi ya sufuria, na macho ya Kiingereza yakichungulia nyuma yake. Maafisa wa Kijerumani kwenye filamu hawaoni kitu. Mtazamaji wa Mohoro naye anaombwa asione. Kompyuta ikichora meli ni udanganyifu. Brashi ikichora Mrufiji ni usanii.

The African Queen ya mwaka 1951 nayo husifiwa kwa sababu John Huston aliwapeleka Bogart na Katharine Hepburn hadi Uganda na Kongo. Alifanya hivyo kweli. Ila ile sehemu maarufu ya Bogart kuikokota boti akiwa ndani ya maji kati ya matete ilipigwa London, kwenye maji ya studio, maana mto wa kweli ulikuwa na kichocho. Uamuzi wa busara, na hakuna anayetaka steringi augue. Lakini basi tukubaliane kwamba "zamani walipiga kwenye maji ya kweli" ni sentensi inayohitaji nyota pembeni na maelezo chini ya ukurasa.

Pili: eti walijua kuigiza

Flynn, mwindaji haramu wa pembe za ndovu anayechezwa na Lee Marvin, ana mtumishi aitwaye Mohammed. Ndiye mtu wa pwani tunayekaa naye muda mrefu kwenye filamu. Mohammed ni bubu. Na anayemcheza ni Ian Holm, Mwingereza wa Essex.

Tulitafakari hilo kidogo. Pwani hii ndiyo iliyoipa Afrika Mashariki lugha yake. Rufiji ni mahali ambapo mtu akikwama mchangani kwa maji kupwa atapiga soga mpaka bahari irudi. Katika mazingira hayo, filamu ya saa mbili na zaidi inamchukua Mohammed mmoja, inamkata ulimi, kisha inamkabidhi Mwingereza amchezee ububu wake. Wapenzi wa filamu za zamani wanasifu ukimya wa waigizaji. Ukimya huu wameupitaje?

Kuna anayejibu kwamba Waafrika waliojua kuigiza hawakuwepo. Jibu lake lina jina, na lilizaliwa Dar es Salaam.

Mahjub bin Adam Mohamed, aliyekuja kujulikana kama Mohamed Husen, alizaliwa mwaka 1904, baba yake akiwa askari katika jeshi la Wajerumani. Vita vilipoanza 1914 aliingia jeshini pamoja na baba yake, mtoto wa miaka 10. Oktoba 1917 alijeruhiwa Mahiwa, kusini, katika moja ya mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote ya vita vile. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai mshahara wake wa askari na wa baba yake ambao haukuwahi kulipwa. Serikali ikamjibu kwamba amechelewa. Akabaki hukohuko, akawa mhudumu wa mgahawa, akaoa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akaanza kuigiza. Kati ya 1934 na 1941 alionekana kwenye filamu zaidi ya 20.

Mojawapo ni Die Reiter von Deutsch-Ostafrika ya 1934, iliyoongozwa na Herbert Selpin, inayohusu vita vilevile alivyopigana. Mtu aliyebeba bunduki kwenye vita vile akiwa mtoto, aliyetobolewa na risasi Mahiwa, alikuwa mbele ya kamera ili aonyeshe utiifu wa mtumishi kwa bwana wa shamba. Wajerumani walioigiza ushujaa walilipwa kuwa mashujaa. Yeye aliyekuwepo vitani alilipwa kuwa mandhari. Alipoomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, alikataliwa.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Carl Peters ya 1941, Selpin tena. Peters huyu ndiye ambaye pwani na bara walimwita Mkono wa Damu, aliyewanyonga kijana na msichana Kilimanjaro na hatimaye kufukuzwa kazi na serikali yake mwenyewe mwaka 1897. Utawala wa Hitler ulimsafisha, na sinema ikampa sura ya Hans Albers, nyota mkubwa wa wakati ule. Husen alimchezea mkalimani wake. Na ule umati wa Waafrika, ule unaosifiwa na wapenda "watu elfu wa kweli", ulipatikanaje Ulaya katikati ya vita? Walichukuliwa wafungwa weusi kutoka jeshi la Ufaransa, wakatolewa kambini, wakavishwa shuka, wakaambiwa washangilie.

Mwaka huohuo wa 1941 Husen alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Alipelekwa kambi ya Sachsenhausen. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Mpenzi wa filamu za zamani atasema zile ni propaganda za Wanazi na hakuna anayezitetea. Sawa. Lakini ziangaliwe kwa ufundi tu, bila bendera: chuma cha kweli, farasi wa kweli, mtumishi mtiifu, umati usio na jina, mzungu mmoja anayebeba hadithi nzima mabegani. Kisha iangaliwe Shout at the Devil, iliyotengenezwa miaka 35 baadaye na watu wanaojiita washindi wa Wanazi. Atafutaye tofauti katika nafasi aliyopewa mtu wa pwani ataipata moja: yule wa 1941 aliruhusiwa kusema.

Tatu: eti zinafundisha historia

The African Queen inamalizika kwa mlipuko. Boti kuukuu yenye makombora ya kujitengenezea inaizamisha meli ya Kijerumani ziwani, mzungu na mzungu wanaogelea wakiimba kuelekea pwani ya ndoa yao. Bogart alipata Oscar yake kwa kazi ile.

Meli iliyompa mwandishi C.S. Forester wazo hilo ilikuwa Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa kwa reli hadi Kigoma na kuunganishwa upya. Waingereza hawakuizamisha. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha kwa makusudi, mafundi wakiwa wamepaka mitambo yake grisi nzito ili siku moja ifae tena. Ikafaa. Iliinuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini 1927, na Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba. Vizazi vimesafiri nayo na magunia ya dagaa. Filamu inafundisha kwamba meli ile ilikufa. Abiria wa Kigoma walikuwa wakiilipia nauli.

Lakini kosa la meli ni dogo. Kubwa liko kwenye jina. Götzen aliyepewa meli alikuwa gavana wa Afrika Mashariki ya Wajerumani kuanzia 1901 hadi 1906. Chini ya utawala wake watu wa Rufiji na Umatumbi walilimishwa pamba kwa nguvu. Chini ya utawala wake, tarehe 4 Agosti 1905, hapahapa Mohoro, alinyongwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mtu aliyepandwa na pepo Hongo, akagawa maji, na kuwaambia watu wa makabila mbalimbali kwamba wao ni wamoja. Alikuwa amekamatwa kabla vita vya Maji Maji havijashika moto vizuri. Kamba ya Mohoro haikuvizuia. Hesabu ya Wajerumani wenyewe inataja vifo 75,000. Mwanahistoria Gwassa aliona idadi inafika 250,000 hadi 300,000, wengi wakifa kwa njaa baada ya mazao kuchomwa.

Sasa linganisha. Katika eneo ambalo mtu anaweza kulivuka kwa siku moja kwa gari, vimepita visa viwili. Katika kimoja, meli ya Kijerumani inajificha kwenye mikoko na kuwindwa na meli za Kiingereza. Katika kingine, mganga wa kijijini anawaunganisha watu wa kusini dhidi ya dola kubwa na kunyongwa bomani. Kilichoonekana kinafaa bajeti ya sinema ya kimataifa ni kile ambacho wenyeji wake wanaweza kuchezwa na Ian Holm.

Hata ndani ya kisa cha meli, historia iliyotupwa ni kubwa kuliko iliyochukuliwa. Königsberg ilipokufa, mizinga yake kumi ilibaki hai. Ilitolewa kwenye tope, ikaburutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu, na kwa miaka iliyofuata ikapigana huku na huku kwenye nchi isiyo na barabara za kuibeba. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa. Mwingine uko Pretoria. Anayesimama kando ya ule wa Mombasa na kuupapasa bomba lake ataelewa upesi jambo ambalo filamu haikutaka kulionyesha: chuma kile kiliundwa kikae juu ya sitaha na kugeuzwa na mabaharia, wala si kuvutwa kwa kamba na watu wenye miguu mitupu kwenye matope ya masika, mbele bega, nyuma bega, gurudumu likizama hadi kitovuni. Waliovuta walikuwa mamia. Upande wa pili, Waingereza walikusanya wapagazi wao kwenye kikosi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo ulimi wa mtaani uliligeuza Kariakoo. Kwa hesabu zao wenyewe, wapagazi zaidi ya 40,000 walikufa, na wanaojua hesabu za kikoloni zilivyofanywa wanaamini walikuwa wengi zaidi. Leo mtu hununua nyanya Kariakoo. Filamu ya Kariakoo hakuna anayeilalamikia kwamba haipo, kwa kuwa hakuna aliyefundishwa kuisubiri.

Kuna mambo ya karibu zaidi. Watu wa Kibiti, Rufiji na Mkuranga walionja hofu ya risasi miaka michache tu iliyopita, viongozi wa vijiji wakiuawa, na Aprili 2017 polisi 8 wakiuawa kwa mara moja. Aliyelala Kibiti kipindi kile hakusikia muziki wa tarumbeta ukimtangulia adui. Alisikia pikipiki, kisha akasikia pikipiki imezimwa. Huyu ndiye anayeambiwa akaangalie Roger Moore ili ajue vita vilivyo.

Nne: eti zama zao

Hii ndiyo ngao kuu, na kwa kawaida huinuliwa mwisho, hoja nyingine zikiwa zimelala. Filamu ni mtoto wa wakati wake. Watu wa wakati ule hawakujua kuwatazama Waafrika kwa namna nyingine.

Riwaya ya Wilbur Smith ilitoka mwaka 1968. Mwaka huohuo G.C.K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za Maji Maji zilizotoka vinywani mwa wazee waliokuwa bado hai, wenye majina yao, vijiji vyao na maneno yao. Mwaka uliofuata, 1969, Ebrahim Hussein alitoa tamthilia ya Kinjeketile. Hii nayo ni drama ya zamani, tena ya vita, na anayeshika bendera ya "zamani walijua" angetegemewa aanze nayo. Humo mtu wa Ngarambe hasemi tu. Anajishuku, anabishana na viongozi wenzake, anaona neno alilolitoa likimponyoka na kuwa kubwa kuliko yeye, na mwishoni mnyororoni anakataa kulikana kwa sababu anajua watawala watalifanya nini na kukana kwake. Hussein alisema wazi kwamba mtu wake wa jukwaani si nakala ya yule wa historia. Hakuhitaji meli hata moja.

Nje ya Tanzania ni vilevile. Mwaka 1966 Gillo Pontecorvo alitoa The Battle of Algiers, na Saadi Yacef, aliyekuwa kamanda wa wapigania uhuru mjini Algiers, akacheza nafasi iliyotokana na yeye mwenyewe: kamanda. Amweke karibu na Husen anayetaka kuona umbali. Mwaka 1971 Ousmane Sembène wa Senegal alitoa Emitaï, vita vya pili vya dunia vikionekana kutoka kijijini, ambako jeshi la Ufaransa linakuja kudai mpunga na wanawake wanauficha. Rufiji, nchi ya mpunga, filamu hiyo ingeeleweka bila tafsiri. Miaka mitano baada ya Emitaï ndipo Shout at the Devil ilipotoka. Kwa hiyo zama zilikuwa zilezile. Tofauti ni nani alikuwa nyuma ya kamera na alitaka kumwona nani.

Halafu kuna kichekesho kinachostahili kibonzo. Walewale wanaoomba filamu ya 1976, yenye fedha, studio na nyota wawili, isamehewe kwa sababu ya zama zake, hawana msamaha kwa kijana wa Bongo Movie anayetumia kamera ya kuazima na sebule ya shangazi yake. Huyo anahukumiwa siku ileile: sauti mbaya, mwanga mbaya, hadithi ndefu. Umaskini si zama? Wakati mwingine inaelekea zama ni kitu wanachopewa wenye bajeti.

Tano: eti fahari yetu

Kubaki na jina kwenye ramani ya filamu, wanasema, si haba. Lakini jina lenyewe wamelipata kwa bei gani? Wapo vijana wa delta wanaoweza kumweleza mgeni kisa cha Blücher, bomu na Mwingereza, wakiamini wanaeleza kisa cha babu zao. Majina ya milango ya mto wanayajua, lakini nani alimpitisha nani kwenye milango hiyo mwaka 1915, hilo filamu imewajazia. Mpelelezi wa kweli wa Waingereza alikuwa Pieter Pretorius, mwindaji wa kikaburu aliyewahi kuishi Rufiji kabla ya vita, na hata yeye alipima kina cha maji akiwa kwenye mtumbwi na wenyeji wa kumwendesha. Hakuna njia nyingine ya kuijua delta ile. Chaneli inahama, fungu linahama, na mti wa alama ulioonekana mwaka jana huenda mwaka huu uko majini. Mwenye ujuzi huo alikuwa mwenye mtumbwi. Kwenye filamu, yeye ndiye anayepiga kasia nyuma, kamera ikimtazama aliyekaa mbele.

Na shule? Kwa miaka mingi Kinjeketile ilisomwa darasani, ambako iligeuzwa swali la dhamira na wahusika, alama 15. Mwanafunzi akatoka hapo akiijua tamthilia kama adhabu, akavuka barabara hadi kibanda umiza, ambako vita ni burudani na steringi hafi. Watetezi wa filamu za zamani hawajawahi kulalamika kuhusu mgawanyo huu wa kazi: cha kwetu kwa mtihani, cha kwao kwa starehe.

Ajabu ni kwamba dawa, au sehemu yake, imekuwa humo humo kwenye kibanda wanachokidharau. Mafundi wa kutafsiri filamu papo kwa papo, Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya wakiwa miongoni mwa waliopata majina makubwa, hawajawahi kuiheshimu filamu ya mtu kiasi cha kuiacha iseme peke yake. Huongeza majina, hutia utani, humpa jambazi kabila na steringi mkwe. Wasomi huita huo uharibifu. Basi fundi wa namna hiyo akiletewa Shout at the Devil Mohoro usiku mmoja, jenereta likinguruma nje na watoto wamejazana mkekani mbele, atafika pale Mohammed anapofungua mdomo na sauti isitoke. Hapo hana la kutafsiri. Atalazimika kumpa maneno, na kabla hajatia neno la kwanza kwenye kipaza sauti kuna mtoto wa mkekani atakayemwahi: huyo bubu kwao wapi, Salale au Mbwera?